Hapana, mtoto wako haharibu ngano

Kila muhula ninapoanza darasa la kuandika upya ngano, hakosekani mzazi wa kunivuta pembeni. "Mwalimu, kuandika ni jambo jema. Lakini hizi ni hadithi za wazee, mbona unawafundisha watoto kuziharibu?" Nimeshajibu kwa tabasamu vya kutosha. Sasa najibu kwa maandishi.

Anayesema hivyo anaamini ngano ilizaliwa siku moja ikiwa kamili, ikafungiwa sandukuni. Haya, tuchukue ya kima na papa. Kima anaishi juu ya mkuyu, anamrushia papa matunda, urafiki unakolea. Papa anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya bahari anamfichulia kwamba Sultani wa kwao anaumwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki: sisi makima hatutembei na mioyo, tunaiacha mitini, nirudishe nikauchukue. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870, kama ilivyosimuliwa Unguja. Hiyo ndiyo "asili" ambayo wazazi wananipigania.

Sasa fungua Kalila wa Dimna, kitabu cha hadithi za wanyama alichokitia mwandishi Ibn al-Muqaffa katika Kiarabu karne ya 8. Papa hayumo. Yumo kobe wa majini, mti ni wa tini, na Sultani mgonjwa hayupo: ni mke wa kobe, ambaye urafiki wa mumewe na kima umemchosha, basi anajitia ugonjwa. Rudi nyuma zaidi, hadi Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za Wahindi, utamkuta mamba, tena chini ya mti wa jamii ya mzambarau. Ipi sasa ndiyo ya wazee? Wazee gani?

Na bado. Kima akishafika salama mtini, papa anamsihi ashuke waendelee na safari. Kima anamuuliza kama anamdhania yeye ni punda wa dobi, kisha anamsimulia habari za punda aliyedanganywa mara mbili mpaka akauawa na simba. Katika Kiarabu anayemdanganya punda ni mbweha. Unguja ni sungura. Msimulizi aliyemtoa mbweha aliwajua wasikilizaji wake: watu wa pwani walikuwa na mjanja wao tayari, mbweha wa nini? Kazi aliyoifanya yule ndiyo ninayowafundisha watoto wa darasa la nne, basi.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Nikimwomba mzazi huyohuyo anisimulie ya kima na papa mpaka mwisho, mara nyingi anaishia kwenye moyo ulioachwa mtini. Punda wa dobi hamjui kabisa. Mwanawe anamjua, kwa sababu kwangu mtoto hashiki kalamu kabla hajaisimulia ngano kwa mdomo, jinsi ilivyo, mbele ya wenzake, yeye na "hadithi hadithi" yake na wao na "hadithi njoo" yao. Akijikwaa, anaanza upya. Huwezi kugeuza usichokijua.

Akishaimudu, anabadilisha kitu kimoja. Kimoja tu, na hapo sina huruma. Kisha anafuata matokeo yake mpaka mwisho bila kukwepa. Binti mmoja aliamua kumwongezea papa akili. Kima anaposema moyo nimeuacha mtini, papa wake akajibu: "Basi wewe tulia hapahapa mgongoni, nitamtuma mdogo wangu akauchukue." Darasa zima likaguna. Ujanja wa miaka na miaka umezibwa kwa sentensi moja, na kima yuko katikati ya maji. Binti akatafuna kifuniko cha kalamu, akafuta, akatafuna tena, halafu akaandika: "Kima akacheka. Mdogo wako atapanda mti kwa mikono ipi?" Kumbe papa hana mikono! Ndiyo maana tangu mwanzo alimhitaji kima amrushie matunda. Jibu lilikuwamo ndani ya ngano muda wote, na aliyeliona ni mtoto aliyekuwa "anaiharibu".

Dhana nyingine sizipi nafasi kubwa.

Wapo walimu wenzangu wanaodhani kugeuza ngano ni kumpa sungura simu na kumpandisha fisi bodaboda. Fisi juu ya bodaboda ni fisi yuleyule, ulafi uleule, shimo lilelile. Simu inafaa pale tu inapomharibia mtu mpango: kima angepigiwa na jirani yake kabla hajapanda mgongoni, je, papa angemwambia nini? Kama haimtatizi mtu, itoe.

Wengine wanasema lazima hadithi iishie na funzo. Mtoto anayeambiwa hivyo huanza na "hadithi hii inatufundisha tusiwe na tamaa", kisha anaburura wanyama kuelekea huko kama wafungwa. Funzo waachieni wasikilizaji wabishane. Nimeona darasa likigombana kama papa alikuwa mwovu au mtumishi mwaminifu wa Sultani wake, na katika ubishi ule kulikuwa na mafunzo kuliko sentensi yoyote ya kumalizia insha.

Kwamba mtoto asiyejua tahajia hawezi: si kweli. Rasimu ya kwanza sishiki kalamu nyekundu. "Akaludi" nitairekebisha wiki ijayo, haikimbii.

Na wazazi mnaoamini kwamba kumsaidia mtoto kazi hii nyumbani ni kumwandikia: huwa najua. Mtoto wa miaka tisa haandiki "aidha, ikumbukwe kwamba fisi".