Tambara Lisilokauka: Maswali ya Akina Mama wa Igogo

Ilianza na harufu. Nilikaribishwa chai kwenye kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa kule Igogo, hapa Mwanza. Mwenyeji akapangusa meza kwa tambara kabla ya kuweka vikombe, na meza ikanuka kuliko ilivyokuwa mwanzo. Sikusema kitu, nilikuwa mgeni. Lakini waliponiomba somo la afya kwa kikao kilichofuata, nilibeba kanga kuukuu, mkasi, sindano na nyuzi za rangi tatu, tukashona vitambaa vya kupangusia huku wakiniuliza. Haya ndiyo waliyouliza.

Dokta, tambara si tambara tu? Nilishone la nini?

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, si daktari, ila nimeshachoka kukanusha.

Tambara la kuchana huchomoka nyuzi, na nyuzi hizo utazikuta kwenye mchuzi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba tambara la kuchana halina kipimo: nusu ya shati, mguu mzima wa suruali. Unalikunja mara nne ili lienee kiganjani, unamaliza kazi, unaliacha pembeni ya beseni hivyo hivyo likiwa limekunjika, na katikati yake halikauki hadi kesho.

Bakteria wanataka unyevu, joto na chakula. Joto la Mwanza halitusumbui kulitafuta. Chakula ni yale mafuta ya sato na chembe za ugali zilizonasa kwenye kitambaa. Kitu pekee unachoweza kuwanyima ni unyevu. Bakteria aina ya E. coli, akipata hali nzuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja akianza saa 2 usiku ukishaosha vyombo, kwa hesabu ya karatasi wazao wake wanapita milioni 2 ifikapo saa 9 usiku. Jikoni kwako huenda wasifike huko, maana chakula huwaishia njiani, lakini ile harufu ya asubuhi ndiyo kazi ya bakteria waliokesha kwenye unyevu. Halafu unachukua kitambaa hicho hicho unapangusia sahani ya mtoto.

Kwa hiyo tunashona ili kitambaa kiwe kidogo, chepesi, na kiwahi kukauka. Urembo utakuja baadaye.

Nguo gani inafaa? Mimi nina gunia zima la mitumba iliyochakaa.

Pamba. Kanga iliyofuliwa miaka, shuka lililopauka, fulana, taulo lililoisha manyoya. Nguo ya pamba ikichakaa ndiyo inakunywa maji vizuri zaidi, kwa sababu wanga na rangi ya dukani vimeshatoka. Kitenge kipya kinateleza maji, cha zamani kinayanywa.

Usiamini lebo, hasa kwa nguo za soko la Mlango Mmoja zilizopita mikono mitatu kabla ya kukufikia. Dondoshea tone la maji: likizama na kusambaa, ni pamba au ina pamba nyingi. Likikaa juu kama shanga, ni poliesta, nayo inasukuma maji mezani badala ya kuyanyonya. Bado una shaka? Chomoa uzi mmoja, uchome kwa kiberiti ukiwa nje, mbali na watoto. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Mama mmoja alichoma uzi wa kanga aliyoapa kuwa ni pamba tupu, ukatoka kidonge. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Kiroba cha unga au cha mchele ni plastiki, kiache. Na mitumba uliyonunua kwa ajili ya kukata, ifue kwanza.

Na chandarua kilichotoboka? Hicho kinasugua sufuria vizuri kuliko hata stili waya.

Najua kinasugua. Nimekiona kwenye majumba mengi, na nimekiona kikitumika kama dodoki la kuogea. Lakini vyandarua tunavyogawiwa kliniki vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo imewekwa ili ikae muda mrefu, isitoke kwa kufuliwa mara moja au mbili. Kitu chenye kiuatilifu hakina kazi kwenye sufuria ya uji. Kikitoboka, kishone matundu kiendelee kuzuia mbu. Sindano na uzi ni hivi hivi tulivyoshika. Kikishindikana kabisa, muulize mhudumu wa mtaa wako pa kukipeleka. Na tafadhali kisiishie ziwani kukokota dagaa wachanga. Mnaocheka hapo nyuma, mnanielewa.

Haya, tunashonaje? Mimi cherehani sijawahi kuigusa.

Hakuna cherehani hapa. Kanga moja ina urefu wa kama mita 1.5 na upana wa kama mita 1.1. Ukikata miraba ya sentimita 25, yaani shibiri moja na kidogo, unapata vipande 24. Toa sehemu zilizooza, utabaki na 15 au zaidi. Hivyo ni vitambaa vya wiki nzima kwa nyumba yenye watu sita.

Kata kwa kufuata mstari wa nyuzi, si mshazari, kipande kisije kikavutika upande. Kunja pindo mara moja tu, upana wa kama ukucha wa kidole kidogo, kisha zungushia ukingo kwa sindano: ichome kutoka nyuma, vuta, pitisha uzi juu ya ukingo, ichome tena nyuma, mbele kidogo ya tundu la kwanza. Hatua ya nusu sentimita inatosha. Ukifika kwenye pembe, punguza ncha kwa mkasi kabla ya kukunja ili pasiwe na kinundu, kisha piga mishono mitatu pale pale.

Mafundi watakwambia pindo hukunjwa mara mbili. Kwa gauni, sawa. Kwa kitambaa cha jikoni mimi nakataa, maana pindo la mikunjo miwili linabaki na maji wakati katikati pameshakauka, na doa jeusi la ukungu huanzia hapo hapo. Nakataa pia wale wanaounganisha vipande viwili na kujaza mabaki ya nguo katikati kama mto mdogo. Vinapendeza sana, na ndani huwa havikauki.

Fulana ni ya wavivu, nami ni mmoja wao: kitambaa chake cha kufumwa kinajikunja ukingoni lakini hakichomoki nyuzi. Kata, tumia.

Uzi wa kawaida wa dukani haudhuriki kwa kuchemshwa. Weka mara mbili kwenye sindano, funga fundo. Mwenye subana avae kidoleni. Asiye nayo akate kipande cha ngozi ya kiatu cha zamani, akifunge kwenye ncha ya kidole.

Nikijichoma?

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vimelea vya pepopunda huishi kwenye udongo na vumbi, na hupenda kidonda chembamba kinachoingia ndani. Tambara la sakafuni lisilofuliwa ni mahali pabaya pa kupitisha sindano kisha kidole, ndiyo maana nguo hufuliwa kabla ya kushonwa. Uliza zahanati kama chanjo yako ya pepopunda bado inakulinda. Wengi wetu tuliipata tukiwa na mimba na hatukumbuki tulichoma mara ngapi.

Kwenye kikundi, kila mtu na sindano yake. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili hata siku 7 kwenye tone la damu iliyokauka.

Nitatofautishaje cha vyombo na cha choo? Vyote kanga moja.

Kwa rangi ya uzi. Nyumbani kwangu kijani ni vyombo na meza, bluu ni sakafu, nyekundu ni choo. Mtoto wa miaka minne ameshika mpango huu haraka kuliko baba yake. Kama kuna asiyetofautisha rangi vizuri, kata pembe moja ya vitambaa vya choo, vidole vitavijua hata umeme ukikatika.

Kile cha jikoni nacho kisifanye kila kitu. Ukishakata sangara mbichi, kitambaa kilichopangusa ubao kinakwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya kufuliwa. Hakirudi mezani. Ndiyo faida ya kuwa navyo 15: huna haja ya kukionea huruma.

Navifua vipi? Sisi tunafulia ziwani, maji ni bure.

Hapa nilikaa sana, na nitakaa tena.

Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kile cha tumbo. Mayai ya minyoo hufika majini kwa kinyesi, yanaanguliwa, vimelea vinaingia kwa konokono na kukua ndani yake, kisha vinatoka na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda wala kumezwa, vinapenya ngozi nzima. Wewe umesimama maji ya magotini, unasugua matambara kwenye jiwe saa 6 mchana, ile saa ambayo vimelea hutoka kwa wingi kwenye konokono. Tambara linaondoka safi, miguu inaondoka na minyoo. Baada ya miaka inaharibu ini, tumbo linajaa, mtu anatapika damu, na majirani wanasema amerogwa. Dawa ipo, prazikwanteli, inatibu vizuri, lakini ukirudi kusimama pale pale unaambukizwa upya.

Chota maji, fulia nyumbani. Kwanza yaache kwenye ndoo yenye mfuniko siku 2 bila konokono ndani. Vimelea hivyo visipopata mtu hufa ndani ya muda huo. Au yachemshe. Na maji ya kufulia usiyarudishe ziwani.

Kufua kwenyewe ni hivi: vya uzi wa kijani vifuliwe kila siku kwa sabuni na visuuzwe, na mara mbili kwa wiki vichemshwe dakika 10 kwenye sufuria isiyo ya chakula. Kama kuni au mkaa ni shida, tumia dawa ya klorini, ile tunayoiita Jik hata chupa ikiwa na jina jingine. Soma chupa: ikiwa ni asilimia 3.5, vijiko 2 vya chakula kwa lita 1 ya maji vinatosha. Fua kwanza, maana uchafu na sabuni vinaimaliza nguvu klorini, kisha loweka nusu saa, suuza. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo. Hewa inayotoka inaunguza mapafu.

Na kuanika?

Kamba, jua, kipande kimoja kimoja bila kupandana. Sisi wa vilimani tuna mawe, na jiwe la Mabatini likishika jua la saa 8 linakausha kitambaa kabla hujamaliza kusuka nywele za mtoto. Lisugue kwanza, kwa sababu mbuzi na kuku nao wanalipenda. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndipo mambo huharibika: vitambaa vinalala vibichi na harufu inarudi. Siku hizo fua vichache na uvianike ndani karibu na jiko, kila kimoja kikiwa kimetandazwa. Kilichoshindwa kukauka kichemshwe kabla ya kutumika, hata kama kinaonekana safi.

Mtu akitapika na kuharisha, tunafutia kipi?

Siyo hivi tulivyoshona kwa mapenzi. Chukua matambara ya kutupwa, vaa glavu au mifuko mikononi. Kama kipindupindu kinatajwa mtaani, changanya sehemu 1 ya klorini ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji, mwagia uchafu, subiri dakika 10, futa, kisha tambara lichomwe moto. Nawa kwa sabuni. Na wakati mmoja anafuta, mwingine awe tayari anampa mgonjwa ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo na kumpeleka kituo cha afya. Kuharisha maji maji kunaweza kuua kwa saa chache. Sakafu itasubiri.

Hivi hivi vinafaa kwa hedhi?

Pamba hiyo hiyo, mshono ule ule, lakini vipande vyake peke yake, visivyowahi kufuta kitu kingine. Vifuliwe kwa sabuni na vianikwe juani. Najua mabinti wengi wanavificha chini ya godoro, na chini ya godoro hakikauki kitu. Kama aibu ndiyo tatizo, tandika kanga nyepesi juu yake kwenye kamba, upepo utapita.

Kitambaa kikichoka nitakijuaje?

Kikinuka hata baada ya kuchemshwa, au ukikiinua juani ukamwona jirani kupitia katikati. Hapo kinashuka cheo: cha vyombo kinakuwa cha sakafu, cha sakafu kinakuwa cha choo. Fumua uzi wa zamani, zungushia wa rangi ya kazi mpya, jioni moja inatosha. Kushuka ruksa, kupanda marufuku. Cha kwanza kabisa nilichoshona, cha ile kanga niliyobeba Igogo, kilianza kijani, kikawa bluu, na sasa hakina uzi wowote. Mume wangu anafutia mnyororo wa baiskeli.