Chuma kilichomo katika spirulina ya Ziwa Nakuru

Kila kundi la wanafunzi ninalolipeleka Ziwa Nakuru huuliza kwa nini heroe, au flamingo kama wengi wanavyowaita, wana rangi ya waridi. Jibu ni fupi: ni karotenoidi, yaani kemikali za rangi, wanazopata katika chakula chao. Mimi huwavuta warudi kwenye chakula chenyewe. Maji yakiwa mazito na ya kijani, hiyo ni spirulina, bakteria wanaojipikia kwa mwanga wa jua.

Wasage, utenganishe protini zao, na utapata moja yenye wekundu wa kahawia. Hiyo ni feredoksini, protini inayopokea elektroni na kuzikabidhi kwingine. Idondoshee asidi: rangi hufifia, kisha inakuja harufu ya yai viza. Pua yako imeshapima salfa.

Ndani yake mna kiini kidogo mno: atomu 2 za chuma na 2 za salfa, zimepangwa kama msambamba. Kila chuma kimezungukwa na salfa 4, 2 za kiini na 2 za sisteini, asidi amino inayokifunga kiini kwenye protini. Ajabu ni kwamba chuma ni viwili lakini elektroni inayopokelewa ni moja tu. Chuma kimoja hushuka kutoka chaji 3+ hadi 2+, kingine hakiguswi. Umbo halibadiliki sana, na ndiyo maana elektroni huingia na kutoka upesi.

Hakuna waya wa kupitisha elektroni ndani ya spirulina. Mwanga ukipiga klorofili, elektroni huruka kwenye viini 3 vyenye chuma 4 na salfa 4 kila kimoja, vikiwa karibu karibu, kama ndoo ipitishwavyo mkono kwa mkono, hadi kwa feredoksini. Nayo huikabidhi kimeng'enya kinachounda NADPH, molekuli inayobeba elektroni za kutengenezea sukari.

Jina feredoksini lilitolewa mwaka 1962 kwa protini ya bakteria wa udongoni. Umbo la ile ya spirulina lilichapishwa mwaka 1980, baada ya kupigwa eksirei.

Kuna anayeniuliza kila mara: nikinywa unga wa spirulina, feredoksini yake itanipa nguvu? Hapana. Tumbo lako lina asidi, na umeshaona asidi inavyoifanya. Chuma chake huenda kikakufaa, lakini viini 8 vya chuma na salfa vilivyo katika mashine ya kwanza ya upumuaji wa seli zako, mwili huviunda wenyewe, kuanzia ndani ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati.