Ukikodi vifaa vya kuteleza kwenye theluji kwa wiki moja, anza na mguu

Mteja anapoingia katika duka la kukodisha vifaa, macho yake huenda kwanza kwenye safu ya skii, zile mbao mbili ndefu na nyembamba za kutelezea, zenye rangi za kuvutia, naye huanza kuuliza ipi ina kasi zaidi na ipi ni mpya. Mimi humwomba aketi, avue viatu na asimame juu ya kipimo. Kwa kazi yangu ya kupima miguu na kurekebisha vifaa, nina hakika kwamba anayekwenda milimani kwa siku sita au saba anaweza kufurahia likizo yake kwa skii ya kawaida kabisa, lakini hawezi kuifurahia kwa buti lisilomkaa, hata akipewa skii bora kuliko zote dukani.

Buti la skii halifuati namba ya kiatu cha kawaida. Hupimwa kwa urefu wa unyayo kwa sentimita, kipimo kinachoitwa mondopointi, kwa hiyo mwenye unyayo wa sentimita 26.5 huvaa 26.5. Pima miguu yote miwili ukiwa umesimama, kwa sababu unyayo hurefuka unapobeba uzito wa mwili, na ni watu wachache ambao miguu yao inalingana sawasawa. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni la mtu anayechagua buti kubwa kwa sababu linampa raha akiwa amekaa kwenye benchi. Akifika mlimani, kisigino kinapanda na kushuka, naye anakaza bizimu ili mguu utulie. Bizimu zikikazwa mno, damu haipiti vizuri, vidole vinapata baridi na ganzi, na jioni anarudi akilalamika kwamba buti ni dogo. Humuuma sana, na kinachomuuma ni ukubwa wa buti hilo.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi, na una haki ya kuiomba. Fundi huchomoa sehemu laini ya ndani, nawe unaingiza mguu katika gamba tupu la plastiki na kusogea mbele mpaka vidole viguse ncha. Nafasi inayobaki nyuma ya kisigino iwe kama sentimita moja na nusu hadi mbili. Kisha vaa buti zima, ufunge bizimu na usimame wima: vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti na kuegemeza miundi mbele, vidole virudi nyuma na kisigino kisiinuke. Kaa nalo miguuni kwa dakika kumi au zaidi kabla ya kusema linafaa. Vaa soksi moja nyembamba na ndefu, ya sufu au ya nyuzi zinazokauka upesi, na nguo ya ndani iishie juu ya buti, kwa maana hata mkunjo mdogo wa kitambaa juu ya muundi huwa kidonda kufikia siku ya tatu.

Baada ya buti huja vishikizi, yaani vile vyuma vinavyoliunganisha na skii na kuliachia unapoanguka. Hapa ndipo fundi anapokuuliza uzito, kimo, umri na namna unavyoteleza, kama ni kwa tahadhari, kwa wastani au kwa nguvu na kasi. Majibu hayo, pamoja na urefu wa soli ya buti kwa milimita, husomwa katika jedwali la kiwango cha kimataifa cha ISO 11088, na jedwali hutoa namba ya kukaza chemchemi. Namba ikiwa ndogo kupita kiasi, skii huchomoka katikati ya kona. Ikiwa kubwa, haichomoki unapoanguka, na mfupa wa muundi ndio unaolipa. Walio chini ya miaka 10 na waliofikisha 50 hushushiwa namba kidogo. Kwa hiyo nakusihi useme kweli. Najua si kila mtu anapenda kutaja uzito wake mbele ya wenzake, ndiyo maana huwapa wateja karatasi waandike wenyewe. Hata kikirekebishwa vizuri, kishikizi hakiwezi kulinda kano za goti katika kila anguko.

Kuhusu skii yenyewe sina mengi: anayeanza achukue inayofika kati ya kidevu na pua, na kwa njia zilizosawazishwa upana wa milimita 70 hadi 85 chini ya mguu unatosha. Jambo la kuangalia ni kingo za chuma. Pitisha ukucha kwa kukatiza ukingo, wala si kuufuata. Ukingo mkali huparua ukucha huo kidogo, na ukingo butu hautakushika kwenye barafu ya asubuhi.

Wanaochagua ubao wa theluji, yaani ubao mmoja mpana unaosimamiwa kwa ubavu na miguu yote miwili, huvaa buti laini, lakini lazima waamue mguu upi utangulie. Jaribu kuteleza na soksi kwenye sakafu laini. Mguu unaouweka mbele bila kufikiri ndio wako. Anayevaa namba 44 au zaidi aulizie ubao mpana, kwa sababu vidole vinavyochomoza pembeni hukwaruza theluji na kumwangusha. Na ajue kwamba vishikizi vya ubao haviachii vyenyewe.

Chukua vifaa jioni kabla ya siku ya kwanza, maana asubuhi foleni hukufanya ukubali chochote. Soma mkataba uone kama bima inahusu kuvunjika tu au na wizi pia, kisha piga picha ya namba ya skii. Unapopumzika, tenganisha jozi yako, moja hapa na nyingine mbali kidogo, kwa kuwa skii zinazofanana huchukuliwa kwa makosa kila siku. Usiku kausha mabuti mbali na moto, ukiwa umefunga bizimu kwa wepesi ili gamba lisipoteze umbo, na asubuhi yavae yakiwa na joto, kwa sababu plastiki baridi ni ngumu kuingia.

Ukiumia mahali pamoja siku ya kwanza au ya pili, usivumilie mpaka wiki iishe. Rudi dukani ubadilishiwe buti, na uende na skii zako pia, hata kama zinakuridhisha: soli ya buti jipya inaweza kuwa na urefu tofauti, na vishikizi lazima vipimwe upya kabla hujapanda tena mlimani.