TFTP ikijikokota, tazama ukubwa wa bloku kwanza

Faili la MB 100 likichukua karibu dakika saba kufika kwenye kompyuta inayowashwa kupitia mtandao, msikimbilie kubadilisha kebo wala swichi. TFTP, itifaki rahisi ya kuhamisha faili mtandaoni, hutuma bloku (kipande cha faili) moja, husimama ikisubiri jibu kwamba imepokelewa, ndipo itume ya pili. Bloku yake ya kawaida ni baiti 512 tu. MB 100 ni bloku 204,800. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 2, hizo ni sekunde 410 za kusubiri, hata waya uwe wa gigabiti.

Dawa ipo tangu 1998, kwenye RFC 2348 (RFC ni hati za viwango vya intaneti): blksize, yaani chaguo la ukubwa wa bloku. Mteja, yaani kompyuta inayopokea faili, huomba ukubwa, seva huukubali au huupunguza, haiuongezi kamwe. Ombeni 1468: yaani baiti 1500 za paketi ya Ethernet, toa vichwa: 20 za IP, 8 za UDP na 4 za TFTP yenyewe. Bloku zinashuka hadi 71,429, na kusubiri kunabaki sekunde 143. Jaribuni kwenye mteja:

curl --tftp-blksize 1468 -o initrd.img tftp://192.168.10.5/initrd.img

Wakati huohuo, kwenye seva, tazameni paketi zinazopita (192.168.10.20 ni mteja):

tcpdump -n udp and host 192.168.10.20

Msichuje kwa mlango 69 pekee, ule unaopokea ombi la kwanza, kwa sababu data hutoka kwenye mlango mwingine. Paketi za data zikiandikwa length 1472, mmefaulu. Zikiwa 516, seva imelipuuza ombi na mko palepale.

Tamaa ya 8192 ndiyo inayoponza wengi. Bloku hiyo hukatwa vipande sita vya IP. Kikipotea kimoja, bloku nzima hutumwa upya, tena baada ya muda wa kusubiri kuisha. Ngome nyingi za mtandao (firewall) huvitupa vipande hivyo. Dalili yake naijua vizuri: makubaliano ya ukubwa yanapita, kwa kuwa paketi zake ni ndogo, halafu faili linaganda kwenye bloku ya kwanza. Kwa tftpd-hpa, seva ya TFTP, kwenye Debian, wekeni kikomo ndani ya /etc/default/tftpd-hpa kisha muiwashe upya:

TFTP_OPTIONS="--secure --blocksize 1468"

Njia ikipita PPPoE, muunganisho unaochukua baiti 8 za kila paketi, shusheni hadi 1460.

Kama pande zote mbili zinaijua RFC 7440 ya 2015, ongezeni windowsize, idadi ya bloku zinazotumwa kabla ya kusubiri jibu. Kwa bloku 8 kwa kila jibu, zile sekunde 143 zinakuwa 18.