Sindano mguuni, maumivu kiunoni

“Mwanangu, mie naumwa kiuno. Mbona sindano wanitia mguuni?”

Swali hili nalisikia sana kliniki kwangu Chake Chake, na kina bibi ndio wasionipa nafasi ya kulikwepa. Vijana hunyamaza, huitazama miguu yao, kisha hunitazama mie. Nimeona niliandikie kwa urefu, maana jibu ninalolitoa mgonjwa akiwa kalala kifudifudi huwa fupi mno, na mitaani yapo majibu mengi yasiyo sahihi.

Akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, si kitu kigeni Pemba. Madaktari wa Kichina kutoka mkoa wa Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu miaka ya 1960, na hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani ni moja ya vituo vyao. Kabla yao wazee wetu waliumika kwa pembe, na siku hizi hijama imerudi na vikombe vya plastiki. Kwa hiyo mtu akija kwangu huwa ana maelezo yake tayari: sindano itatoa baridi, au itatoa damu chafu, au kuna dawa imepakwa kwenye ncha. Hakuna hata moja la kweli hapo. Sindano ya akupancha ni uzi wa chuma usio na tundu, haupitishi kitu kuingia wala kutoka. Unene wake ni kama milimita 0.25, wakati sindano ya bomba la dawa iliyozoeleka hospitalini hufika milimita 0.8. Ikichomolewa, mara nyingi hata tone la damu huoni.

Basi inafanya kazi gani? Inaziamsha neva, yaani mishipa ya fahamu. Goti lililolika litabaki limelika, na pingili iliyosagika itabaki vilevile. Kinachobadilika ni habari inayotoka pale kwenda kwenye ubongo, na namna ubongo unavyoipokea. Mtu akilishika hili, ataelewa pia kwa nini maumivu ya jana na maumivu ya miaka mitano siyatibu kwa namna moja.

Nianze na pale ngozini. Ipo nukta, yaani mahali maalumu pa kuchoma, iitwayo Zusanli, vidole vinne chini ya goti, pembeni kidogo ya mfupa wa muundi kwa upande wa nje. Sindano huwa ndani ya kijibomba chake cha plastiki. Naigonga kwa kidole, inazama. “Ah, ndo hiyo tu?” mgonjwa huniuliza. Kisha naizungusha polepole kati ya gumba na kidole cha shahada, huku na huku, mpaka nahisi nyama imeikamata. Hapo uso wa mgonjwa hubadilika. Mmoja atasema mguu umekuwa mzito, mwengine unamvuta, mwengine anahisi ganzi inashuka mpaka dole gumba la mguu. Walimu wangu wa Nanjing, China, waliiita hali hiyo deqi, na hawakuturuhusu kusogea hatua nyengine mpaka mgonjwa mwenyewe aitaje.

Nyama ikizungushwa hivyo, seli zake humwaga kemikali mbalimbali, na mojawapo ni adenosini. Mwaka 2010 kundi la Maiken Nedergaard, kule Rochester, Marekani, lilionyesha kwa panya kwamba sindano ikizungushwa kwenye nukta hiyohiyo ya Zusanli, adenosini hupanda karibu na sindano na maumivu ya mguu hupungua. Panya waliozaliwa bila kipokezi cha adenosini, yaani mlango wa seli unaoipokea, wanaokiita A1, hawakupata nafuu. Na sindano iliyoingizwa ikaachwa tu bila kuzungushwa haikufaa kitu. Nawapenda panya wale, maana wamenisaidia kujibu watu wanaodhani kwamba kila kitu hapa ni imani ya mgonjwa.

Kidogo kuhusu kahawa. Kafeini huviziba vipokezi vya adenosini, na sie watu wa barazani tunajijua. Siwezi kumzuia mzee asinywe kahawa yake, lakini siku ya tiba namwomba ailete mwisho, baada ya kutoka kwangu. Wengine hunitii.

Kutoka ngozini habari hupanda mpaka uti wa mgongo, na jibu la bibi lipo hapo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango: ndani ya uti wa mgongo, habari za mguso zinazokuja kwa neva nene zenye kasi zinaweza kuzizuia habari za maumivu zinazokuja kwa neva nyembamba. Ndiyo maana mtu akijigonga kiwiko, mkono wake wenyewe hukimbilia kupasugua. Nadharia hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, ila kiini chake kimesimama. Sasa, neva zinazotoka nyuma ya goti, penye nukta ya Weizhong, huingia uti wa mgongo sehemu ya chini kabisa, jirani na zinapoingia habari za kiuno. Sindano ya nyuma ya goti hugonga mlango uleule. Tena faida yake ni kwamba kiuno chenye maumivu makali, kilichokaza kiasi kwamba hata shuka likigusa mtu anaguna, nakiacha kipumzike.

Halafu kuna ubongo. Kwenye shina la ubongo kuna vituo ambavyo kazi yao ni kuteremsha amri ya kupunguza maumivu, kwa kutumia serotonini, noradrenalini na kemikali zinazofanya kazi kama mofini, ile dawa kali ya maumivu, ambazo mwili hujitengenezea. Katika miaka ya 1970, Han Jisheng na wenzake wa Beijing walimtibu sungura kwa akupancha, wakachota maji yanayozunguka ubongo wake, wakamtia sungura mwengine ambaye hakuguswa na sindano hata moja. Yule wa pili naye akawa mvumilivu wa maumivu. Maana yake kulikuwa na kitu ndani ya maji yale. Mwaka 1977 David Mayer na wenzake, Marekani, wakafanya jaribio kwa watu: meno yalitiwa umeme mdogo wa kuumiza, sindano ikawekwa Hegu, ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na maumivu ya jino yakapungua. Walipodungwa nalokisoni, dawa inayozuia mofini isifanye kazi, nafuu ikaondoka.

Han akaendelea. Akaunganisha sindano na mashine ya umeme mdogo, akagundua kwamba mapigo 2 kwa sekunde huita zaidi enkefalini na endofini, na mapigo 100 kwa sekunde huita dainofini, zote ni katika zile mofini za mwili wenyewe. Kimashine hicho cha betri ninacho kliniki. Hutoa mdundo unaotikisa msuli kidogo, na watoto wanaosindikiza bibi zao hukikodolea macho muda wote.

Sasa maumivu ya ghafla. Msimu wa karafuu ukifika hupata wachumaji: bega, shingo, na kifundo cha mguu kilichoteguka kwa kushuka mkarafuu vibaya. Maumivu haya yana kazi yake, yanamwambia mtu “usiukanyage.” Kwa hiyo kabla ya kuyanyamazisha lazima nijue yanalinda nini. Nabonyeza ukingo wa mfupa pande zote mbili za kifundo, kisha namtaka apige hatua nne mbele yangu. Mfupa wenyewe ukiuma nikiubonyeza, au hatua nne zikimshinda, sifungui pakiti ya sindano. Aende eksirei kwanza. Kama ni kano tu zilizovutika, sipachomi palipovimba. Naweka sindano mkononi au juu zaidi mguuni, na wakati sindano ziko ndani namwambia akichezeshe kifundo, juu, chini, ndani, nje. Hapo ndipo ninapoipenda akupancha kuliko kidonge: mtu anaona kwa macho yake kwamba mguu unakwenda. Hofu ikipungua anatembea mapema, na kifundo kinachotembezwa mapema hupona vizuri kuliko kilichofungwa kikaachwa kitandani. Mara moja au mbili kwa kawaida hutosha.

Maumivu ya ghafla ya tumbo siyagusi. Kidole tumbo, mimba iliyotunga nje ya kizazi, utumbo uliojisokota: vyote hivyo vinaweza kutulia kidogo kwa sindano, na utulivu huo ukamuua mtu. Niliwahi kubishana na familia iliyomleta binti yao saa tatu usiku wakiniomba nimchome “za tumbo” ili wasiende hospitali usiku. Waliondoka wamenikasirikia, lakini walikwenda hospitali.

Maumivu sugu, yale yanayopita miezi mitatu, ni habari nyengine kabisa. Mara nyingi jeraha la mwanzo limeshapoa, lakini neva zimezoea kupeleka habari mbaya, na uti wa mgongo umejifunza kuipokea kwa sauti kubwa. Ni mlinzi aliyewahi kuibiwa: sasa hata embe likianguka anapuliza filimbi na kuamsha mtaa mzima. Mlinzi huyu humfundishi kutulia kwa siku moja, na ndiyo sababu mtu mwenye kiuno cha miaka mitano akiniambia “nichome leo nimalizike” namwambia tuzungumze kwanza.

Wagonjwa wangu wengi wa namna hii ni kina mama wa mwani kutoka pwani za Micheweni. Bamvua likifika, maji yakitoka, mtu huinama saa nyingi akifunga mwani kwenye kamba, maji yamemfika magotini, kisha hubeba gunia la mwani mbichi mpaka nchi kavu. Mmoja wao alikuja akiwa hawezi kuinuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono. Nilipomuuliza kama maumivu yamepungua baada ya wiki mbili za tiba, alijibu hapana. Nikamuuliza analalaje. Akafikiri, akasema sasa analala mpaka adhana ya alfajiri, zamani akiamka kila akijigeuza. Kwangu hiyo ndiyo dalili ya kwanza ninayoitafuta. Usingizi hurudi kabla, kisha mwendo, kisha mtu anakuja kugundua kwamba maumivu yenyewe yamesogea. Naye nilimpa kazi ya nyumbani: kukaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika kitu, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, akizidisha kadiri nguvu zinavyorudi. Sindano bila mazoezi, kwa maumivu sugu, naiona ni kupoteza nauli ya mtu.

Na ushahidi? Hapa wapo wenzangu wa fani hii tusioelewana. Ujerumani walichapisha mwaka 2007 utafiti wa wagonjwa 1,162 wa mgongo sugu, katika makundi matatu. Baada ya miezi sita, waliopata akupancha ya nukta za Kichina walionufaika walikuwa asilimia 47.6. Waliochomwa juujuu mahali pasipo nukta, asilimia 44.2. Waliopata tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi, asilimia 27.4. Wapinzani wakashika tofauti ndogo ya makundi mawili ya mwanzo wakasema ni kiini macho. Watetezi wakashika ile asilimia 27.4 wakashangilia. Mie nasema takwimu hizo zinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kuchomwa kunasaidia, na mahali hasa pa kuchoma si muhimu kama tulivyofundishwa kwenye ile ramani ya nukta 361. Mkusanyiko mkubwa zaidi wa tafiti, uliotolewa mwaka 2018 na kundi la Andrew Vickers ukiwa na wagonjwa 20,827, ulikuta akupancha ya kweli inaipita ile ya uongo, ya kuigiza tu, lakini kwa pengo dogo, na kwamba nafuu iliyopatikana ilipungua kwa kama asilimia 15 tu baada ya mwaka mmoja. Hata NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba Uingereza, imeyumba: iliikubali kwa mgongo mwaka 2009, ikaikataa mwaka 2016, kisha mwaka 2021 ikaikubali kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine kilichobainika.

Sehemu ya nafuu hutokana pia na kulala kimya nusu saa, kusikilizwa, na kushikwa na mtu asiye na haraka. Sioni aibu kulisema. Mama aliyelea watoto saba mara ya mwisho kulala mchana bila kuitwa ilikuwa lini?

Tahadhari nazitaja upesi. Sindano lazima itoke kwenye pakiti iliyofungwa, mbele ya macho yako, itumike mara moja na itupwe kwenye boksi lake. Homa ya ini B haichagui tiba ya asili wala ya kisasa. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aseme. Mjamzito aseme hata kama mimba ni changa. Kifua na juu ya mabega huchomwa na mtu aliyesomea, kwa sababu pafu liko karibu kuliko watu wanavyodhani. Kiuno kinachouma pamoja na homa, kukonda, miguu kufa ganzi au mkojo kuzuilika, hicho ni cha hospitali siku hiyohiyo. Ramadhani, anayeona shaka na saumu yake amuulize sheikh wake. Kwangu nafasi za baada ya futari huwa zipo, na kina mama wana chumba chao na mhudumu mwanamke.

Kwa maumivu sugu hupanga mara sita, mara mbili kwa wiki. Tukifika ya sita na usingizi haujabadilika wala mwendo, nasimamisha. Namwandikia barua aende akaangaliwe upya, na simuuzii ya saba. Akija mara ya kwanza namtaka alete mfuko wa dawa zote anazomeza, hata zile alizopewa na jirani. Ndani ya mfuko huo nakuta sana diklofenaki, dawa ya maumivu, mbili za majina tofauti, zinazomezwa pamoja kwa miezi, na mwenyewe anadhani moja ni ya mgongo na nyengine ni ya magoti. Basi kazi ya siku hiyo inaanzia hapo, tumbo lake na figo zake kwanza, na sindano zinasubiri.