Je, wajua kwa nini shimo la barabarani hurudi palepale?

Anayeishi Kampala huyajua mashimo ya njia yake kama anavyowajua majirani zake. Dereva wa boda boda anayenichukua asubuhi huanza kukwepa hata kabla shimo halijaonekana, kwa sababu lilikuwapo mwaka jana. Lilizibwa wakati wa kiangazi, mvua za Machi zikaja, na kufikia Mei lilikuwa limerudi, hatua moja tu kutoka kwenye kiraka. Kwa nini palepale, na barabara ni ndefu vile?

Wengi hujibu haraka kwamba lami ilikuwa nyembamba, au fedha zililiwa. Huenda ikawa hivyo mahali pengine. Lakini hata lami nene, iliyowekwa kwa uaminifu, hufa mapema pale ambapo maji yanalala. Shimo huanzia chini, nalo huanzishwa na maji.

Lami tunayoiona ni ngozi tu. Katika mitaa mingi unene wake haufiki upana wa kiganja. Chini yake kuna tabaka la kokoto zilizoshindiliwa, chini ya kokoto kuna udongo mwekundu wa changarawe, na chini kabisa kuna udongo wa asili wa mahali hapo. Matabaka hayo ndiyo yanayobeba uzito wa magari. Lami kazi yake ni kuyafunika yasilowe, na kuyapa matairi mahali laini pa kupita. Changarawe kavu iliyoshindiliwa vizuri hubeba lori bila kutikisika. Changarawe hiyohiyo ikiloa, chembe zake huteleza zenyewe kwa zenyewe, na kila tairi likipita inabonyea kidogo.

Maji hupenya wapi? Kwenye nyufa. Jua letu la ikweta huikausha lami mwaka baada ya mwaka, hadi inapoteza ule mnato wake na kuwa ngumu kama biskuti. Matairi nayo huikunja na kuikunjua mara maelfu kwa siku. Halafu kuna wanaochimba mfereji kukata barabara ili kupitisha bomba la maji au waya, wakaufukia kwa udongo uleule bila kuushindilia tabaka kwa tabaka. Hapo umeshafungua mlango.

Ukitaka kuona kinachofuata kwa macho yako, simama kando ya barabara yenye nyufa mara tu mvua inapokatika, ungojee lori lipite. Tairi linapokanyaga ufa, maji mekundu huruka juu kama mate. Ule wekundu si uchafu wa mvua. Ni chembe laini za udongo wa chini zinazokamuliwa nje. Tairi hubana maji, maji hayana pa kwenda, yanatoka kwa nguvu na kubeba udongo. Lori la pili hivyohivyo, na la mia hivyohivyo. Polepole uwazi huundwa chini ya lami, ngozi inabaki ikining'inia bila mfupa, na siku moja inakatika. Watu husema shimo limetokea usiku mmoja, kumbe lilikuwa likichimbwa miezi kadhaa.

Uzito nao una hesabu yake, na ndiyo inayonitisha kuliko yote. Kati ya 1958 na 1960, wahandisi huko Illinois, Marekani, walijenga barabara za majaribio wakayazungusha malori juu yake mchana na usiku. Waligundua kwamba madhara hayaongezeki sambamba na uzito, bali karibu kwa kipeo cha nne. Ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, ikiwa na tani 10 huidhuru barabara takriban mara 10,000 (10 × 10 × 10 × 10) kuliko ekseli ya tani 1. Na ekseli inayoruhusiwa tani 10 ikipakiwa 12, madhara yake huongezeka maradufu. Madereva wa trela wanaotoka Mombasa kupitia mpaka wa Malaba, ambao Kiswahili chao tunakisikia kila siku pale Nakawa na Namanve, wanaijua mizani ya barabara kuu vizuri, na sheria ya Afrika Mashariki inayoweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima wanaijua pia. Lakini lori la mchanga au la matofali linalozunguka ndani ya mitaa halikutani na mizani yoyote, nalo hupita kwenye barabara ambayo haikujengwa kwa ajili yake.

Sasa weka hayo yote juu ya Kampala. Mji huu umekaa juu ya vilima, na kati ya kilima na kilima kuna bonde lililokuwa kinamasi cha mafunjo. Mvua inayonyesha Nakasero au Kibuli haikawii kufika chini Nakivubo, na mtaro mkubwa wa Nakivubo unaipeleka Ziwa Victoria. Upande wa pili maji hukimbilia bonde la Lubigi, ndiyo maana Bwaise hufurika. Piga hesabu ndogo: barabara yenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 7, ikipata mvua ya milimita 30, imepokea lita 21,000, yaani zaidi ya mapipa 100. Hapo bado hujahesabu mabati ya nyumba za kando yanayomwaga yote barabarani.

Ili maji hayo yaondoke, barabara hujengwa ikiwa na mgongo: katikati ni juu kidogo, kingo ni chini. Mteremko wa kawaida ni karibu asilimia 2.5, ambao kwa nusu ya barabara ya mita 7 ni tofauti ya sentimita 9 hivi. Hizo sentimita 9 ndizo uhai wa barabara, nazo zinahitaji mtaro ulio wazi pembeni. Mtaro ukijaa kaveera, yaani mifuko ya plastiki, pamoja na mchanga na maganda ya matoke, maji yanarudi juu ya lami na kutafuta ufa. Kwa hiyo shimo hurudi palepale kwa sababu maji hurudi palepale.

Mnamo Aprili 2023, mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika watu waonyeshe mashimo ya Kampala mtandaoni, picha zikamiminika, na Rais Museveni akaagiza mamlaka ya jiji, KCCA, ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Lilikuwa jambo jema, na nililifurahia. Ila picha hizo zilionyesha mashimo, si mitaro, na hata mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya lami.

Kuziba nako kuna namna yake. Fundi anayejua kazi halimwagii shimo lami kama anavyomwaga mtu uji. Kwanza analikata liwe mraba, kuta zake zikiwa wima, mpaka afike kwenye lami nzima isiyo na nyufa, kwa kuwa ukingo uliokonda hubomoka haraka. Anachota udongo wote uliolowa, hata kama kufanya hivyo kunalifanya shimo liwe kubwa mara mbili. Anajaza kokoto na kushindilia, anapaka lami nyepesi chini na kwenye kuta ili kiraka kishikane, ndipo anatia mchanganyiko wa moto wa lami na kokoto na kuushindilia kabla haujapoa. Mchanganyiko huo hutoka kiwandani ukiwa na nyuzi joto 150 hivi. Ukishuka chini ya 80, haushindiliki tena sawasawa. Lori likikwama kwenye foleni ya Jinja Road kwa muda wa saa mbili, kinachofika ni kazi iliyoharibika tayari. Na mvua ikiwa imejaa ndani ya shimo, ni afadhali kungoja.

Mtaani kwetu shimo lijalo nimeshaliona. Liko mbele ya kibanda cha mama muuza mkaa, pale mtaro ulipozibwa kwa kifusi ili magari yapate kuegesha. Lami bado haijakatika, ila imejaa nyufa ndogondogo kama ngozi ya mamba, na kila asubuhi baada ya mvua kuna utandu mwekundu umekauka pembeni mwake. Yule dereva wa boda boda bado anapita juu yake moja kwa moja.