Saruji haiokoi ukuta wa Mji Mkongwe

Wengi huamini kwamba nyumba kongwe ya Unguja ikianza kupasuka, dawa yake ni lipu ya saruji. Sivyo. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kisha huutoa. Saruji, kwa ugumu wake, huufungia ndani, ukaozesha ncha za boriti za mikoko pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Nje ukuta unang'aa, na mwenye nyumba ameridhika. Wala umri peke yake hauangushi jengo: Ngome Kongwe, ya mwishoni mwa karne ya 17, imesimama, ilhali jirani yake Beit al-Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, liliporomoka sehemu Desemba 2020 likiwa katika ukarabati. Kabla ya kununua saruji, kagua kwanza paa na mifereji inayovuja.